Kuchora Manga Tangu Wazo Hadi Ukurasa wa Mwisho

Mara ya kwanza nilipompelekea mwalimu wangu kazi, nilibeba michoro thelathini. Wahusika wamesimama, nywele zinapepea, panga zimeinuliwa, kila mkunjo wa nguo umepitishwa wino. Aliipitia yote polepole, akausifu mkono wa mmoja wao, kisha akaniuliza: "Kurasa ziko wapi, mwanangu?" Sikuwa na ukurasa hata mmoja. Nilikuwa nimechora miaka minne bila kuunganisha fremu mbili, yaani visanduku viwili vya picha vinavyofuatana.

Siku hiyo alinituma nikatunge hadithi ya kurasa 16 kwa penseli, watu wawe wa vijiti tu, wino nisiuguse. Mwongozo huu wa kuchora manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, unafuata njia aliyonipitisha, pamoja na niliyoyaongeza mwenyewe baada ya kumaliza hadithi fupi kadhaa na kusoma kazi za wanaoanza. Lengo ni moja: ufikie mwisho ukiwa na hadithi kamili mkononi. Ukurasa wa 16 utakufundisha mambo ambayo michoro mia ya mtu aliyesimama haiwezi kukufundisha.

Ufundi unaorithishwa mezani

Neno manga ni la zamani Japani. Mchoraji Hokusai alianza kuchapisha vitabu vyake vya michoro vyenye jina hilo mwaka 1814. Manga tunayoisoma leo, ya hadithi ndefu inayokwenda kwa fremu, ilikua baada ya Vita Kuu ya Pili, na jina linalotangulia hapo ni la mchoraji Osamu Tezuka (1928–1989). Mwaka 1959 yakaanza majarida ya kila wiki ya Weekly Shōnen Magazine na Weekly Shōnen Sunday, na Shōnen Jump likafuata mwaka 1968. Sura ya kila wiki huwa na kurasa kama 19. Hakuna mkono mmoja unaoweza kuzimaliza kurasa hizo wiki baada ya wiki, kwa hiyo mchoraji mkuu huwa na wasaidizi wa kujaza nyeusi, kuchora majengo na kubandika toni (karatasi za nukta za kutia kijivu), na huwa na mhariri anayesoma rasimu kabla ya wote.

Humo ndimo wachoraji wengi walimofunzwa. Eiichiro Oda, kabla ya kuanza manga yake ya One Piece mwaka 1997, alikuwa msaidizi wa mchoraji Nobuhiro Watsuki. Katika miaka ya 1950, nyumba ya kupanga iitwayo Tokiwa-sō jijini Tokyo ilimpangisha Tezuka, kisha vijana kama Shotaro Ishinomori na wawili waliojiita Fujiko Fujio wakafuata kukaa humo. Kilichowafaa ni kwamba nyuma ya ukuta alikuwepo mtu wa kuitazama kazi yao ikiwa bado mbichi. Nawe mtafute mtu kama huyo mapema. Akikosekana mchoraji, msomaji mmoja makini asiyekuonea haya anatosha kwa kuanzia.

Hatua ya kwanza: hadithi inayotosha kurasa 16

Wanaoanza hunijia na falme saba na historia ya miaka elfu. Piga hesabu: fremu tano kwa ukurasa, kurasa 16, hizo ni fremu 80. Fremu 80 zinabeba watu wawili au watatu, mahali pawili, na tukio moja linalomgeuza mtu. Zaidi ya hapo utaanza kueleza kwa maneno yale uliyotakiwa kuyachora.

Andika wazo lako kwa sentensi mbili: nani anataka nini, na kitu gani kinamzuia. Langu lilikuwa hili: "Kipa hodari ameanza kupoteza nuru ya macho na anaficha. Anayejua ni mdogo wake wa kike peke yake, na fainali ni kesho." Nitalitumia kama mfano hadi mwisho.

Kabla hujaendelea, lipime wazo kwa swali moja: je, linachoreka? Macho yanayofifia yanachoreka. Kipa ananyoosha mkono kuchukua glasi na vidole vinapita pembeni. Mdogo wake anamrushia chungwa, linampiga kifuani. Wazo kama "anajutia maisha yake" halichoreki mpaka ulitafutie kitu cha kushika, mahali pa kusimama na mtu wa kumtazama usoni.

Kisha ligawe. Wajapani hutumia mpango wa sehemu nne uitwao kishōtenketsu, uliotokana na mashairi ya Kichina: ki ni kuanzisha, shō ni kuendeleza, ten ni kugeuza, ketsu ni kufunga. Katuni zao za fremu nne zimejengwa juu ya mpango huohuo, na ni zoezi zuri sana la kila siku. Katika kurasa 16 mimi hugawa hivi: kurasa 3 za kuanzisha, 6 za kuendeleza, 4 za mgeuko, 3 za kufunga. Kwa hadithi ya kipa: umati unamshangilia na halafu anaikosa glasi, mdogo wake anagundua na wanabishana, kwenye penalti ya mwisho anafumba macho kwa makusudi na kusikiliza, halafu mwisho.

Mwisho huo niliukosea. Nilichora kipa amedaka mpira, umati umesimama, kwisha. Mwalimu akauliza, "Nani amebadilika hapa?" Nikajibu kwamba timu imeshinda. "Sikukuuliza timu." Nilirudi nyumbani na kukaa na kurasa tatu za mwisho kwa wiki nzima. Mwishowe mpira ulitoka nje ya fremu, matokeo sikuyaonyesha, na ukurasa wa 16 ukabaki na kipa anayevua glavu na kumpa mdogo wake azishike. Ilikuwa mara ya kwanza kwa msomaji kuniambia kwamba ameguswa.

Hatua ya pili: wahusika wanaotambulika gizani

Chora mhusika wako mkuu, kisha mjaze nyeusi tititi mwili mzima. Bado anajulikana? Kama kivuli chake kinafanana na cha mwenzake, badilisha umbo: mabega, urefu wa shingo, mtindo wa nywele, namna anavyosimama. Kovu shavuni na rangi ya macho havisaidii, maana kwenye fremu ndogo havionekani na manga nyingi huchapishwa nyeusi na nyeupe.

Pima urefu kwa vichwa. Mtu mzima wa kawaida ana vichwa saba hivi na nusu. Vijana wengi wa manga huchorwa kwa vichwa sita au saba. Wale wadogo wa kuchekesha ni viwili au vitatu. Amua idadi, iandike, usiibadilishe katikati ya hadithi. Halafu andaa karatasi moja kwa kila mhusika: mbele, ubavuni, mgongoni, na nyuso sita hivi za hisia mbalimbali. Karatasi nyingine iwaonyeshe wote wamesimama pamoja ili urefu wao ujulikane. Ibandike ukutani mbele ya meza. Kosa la kawaida kabisa ninaloliona ni mhusika ambaye ukurasa wa 9 si yule wa ukurasa wa 2.

Anatomia usiisubiri ikamilike, kwa sababu haikamiliki. Kila siku kabla ya kazi chora miili kumi inayotembea au kuinama, nusu dakika kila mmoja, kwa mistari michache inayofuata uzito wa mwili. Na mikono. Mikono huongea kuliko midomo, na wengi huificha mifukoni kwa sababu hawaiwezi.

Hatua ya tatu: nemu, mahali kazi inapofanyikia

Rasimu ya kurasa wachoraji wa Japani huiita nemu. Ni hadithi nzima kwa penseli ya haraka: fremu zimegawanywa, maneno yameandikwa, watu ni duara na vijiti. Mhariri husoma nemu kwanza na hukataa nemu, maana kufuta kijiti ni rahisi na kufuta ukurasa wenye wino ni msiba. Hapa ndipo utatumia muda mwingi kuliko popote. Hadithi ya kipa niliiandika nemu mara tano.

Chukua karatasi, zikunje katikati upate kurasa mbilimbili zinazotazamana. Ni lazima uzione zikiwa jozi, kwa sababu ndivyo msomaji wa kitabu anavyoziona. Ukurasa wa 1 husimama peke yake, kisha 2 na 3 hutazamana, 4 na 5, na kuendelea. Maana yake msomaji hufunua karatasi kila amalizapo ukurasa witiri. Basi fremu ya mwisho ya ukurasa witiri iwe swali, na fremu ya kwanza ya ukurasa shufwa iwe jibu. Kipa wangu anasikia kiatu cha mpigaji kikisaga majani mwishoni mwa ukurasa wa 11. Ukifunua, ukurasa wa 12 wote ni uso wake akiwa amefumba macho. Ningeuweka uso huo ukurasa wa 11, jicho la msomaji lingeuona tangu alipokuwa anaanza wa 10, na ladha yote ingemwagika.

Kabla ya fremu ya kwanza, amua mwelekeo wa kusoma. Manga ya Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu maandishi yao hushuka wima na mistari hufuatana kuelekea kushoto. Zamani watafsiri waliwahi kuzigeuza kurasa kama kwenye kioo ili zisomwe kutoka kushoto, na wapiga upanga wa mkono wa kulia wakawa wa mkono wa kushoto. Ukiandika Kiswahili, ushauri wangu ni uchore kutoka kushoto kwenda kulia. Sentensi zako zinakwenda huko, na kumfanya msomaji asome fremu upande mmoja na maneno upande mwingine ni kumchosha bila faida. Wapo wanaochagua kulia kwa mapenzi ya asili yake, nawaheshimu. Cha hatari ni kuchanganya.

Mwelekeo huo ndio unaopanga watu ndani ya fremu, na hili nililielewa kwa kuchelewa. Anayesema kwanza akae upande macho yanakoanzia. Kwa anayesoma kutoka kushoto, msemaji wa kwanza awe kushoto na kiputo chake, lile duara la maneno yake, kiwe juu; anayejibu awe kulia, kiputo chini kidogo. Ukiwaweka kinyume, mikia ya viputo itapishana na msomaji atasoma jibu kabla ya swali. Wanaoanza huchora watu kwanza, halafu hutafuta nafasi ya kuchomeka maneno. Geuza utaratibu: andika maneno, zungushia kiputo, kisha wakalishe watu katika nafasi iliyobaki.

Ukinakili viputo vya Kijapani utapata shida nyingine. Vyao ni virefu na vyembamba kwa sababu maandishi hushuka. Neno letu kama "nitakapomwambia" halitaingia humo bila kukatwa, na neno lililokatwa katikati hupunguza mwendo wa kusoma. Chora viputo vipana. Vunja mstari pale pumzi inapokatika. Kwa upande mwingine Kiswahili kimetupa zawadi: "Nimekuona" ni neno moja, na ndani yake mna mtenda, wakati, mtendwa na tendo. Kiputo chenye neno hilo moja, katikati ya fremu iliyo tupu, kina nguvu ya ukurasa mzima. Jaribu kubakiza sentensi moja au mbili kwa kiputo. Ukiona kimevimba, gawa fremu au futa maneno.

Na sauti! Kijapani kina maneno ya sauti, hata ya mambo yasiyo na sauti. Kimya chenyewe huandikwa shiin. Sisi tuna tanakali za sauti ambazo hatujazichimba vya kutosha. Mtu akianguka sakafuni ni pu, mchangani tifu, matopeni tapwi, majini chubwi. Amelala fofofo, giza totoro, kimya jii. Tazama jinsi neno tifu linavyomwambia msomaji kwamba chini kuna mchanga hata kabla hujauchora. Yachore maneno haya kama sehemu ya picha: herufi zizame, zipasuke, zifuate mwelekeo wa tendo. Katika ukurasa wa penalti niliweka jii moja ndogo sana kwenye kona ya fremu kubwa tupu, na ndiyo tanakali ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuchora.

Kuhusu mgawanyo wa fremu, anza na safu tatu, fremu nne hadi sita. Fremu kubwa humsimamisha msomaji, fremu ndogo nyembamba humkimbiza. Ukitaka dakika ionekane ndefu, igawe: mguu, jicho, mpira, kidole. Ukitaka mwaka upite, acha mwanya tu. Mwanya kati ya safu na safu uwe mpana kuliko ule wa kati ya fremu zilizo safu moja. Mimi huacha milimita 7 na 3 hivi kwenye karatasi ya kuchorea. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoliambia jicho limalize safu kabla ya kushuka, bila mshale wala namba. Na kila eneo jipya lipe fremu moja pana mwanzoni inayoonyesha tupo wapi na nani yuko upande gani. Baada ya hapo badilisha umbali: mbali, kiunoni, usoni, mkononi. Kurasa tano za nyuso zinazoongea ni kurasa tano alizoruka msomaji.

Zoezi alilonipa mwalimu kwa ajili ya haya yote: chukua sura ya manga unayoipenda, izibe maneno, kisha nakili mgawanyo wa fremu tu kwa watu wa vijiti, kurasa zote. Pembeni ya kila fremu andika kwa nini ina ukubwa huo. Hiyo ni nakala ya kujifunzia, ikae daftarini, isichapishwe popote. Nilifanya sura tatu na nikaona mifupa ambayo kwa miaka nilikuwa nimeitazama bila kuiona.

Nemu ikiisha, mpe mtu asome mbele yako nawe usiseme neno. Usimweleze chochote. Angalia anaporudi nyuma, anapokunja uso, anapofunua haraka. Ukimpelekea mchoraji mzoefu, peleka hadithi nzima, na uwe na maswali mahususi: "Ukurasa wa 7 umeelewa nani alikuwa mlangoni?" hujibika kuliko "Unaionaje?" Akisema jambo, andika, shukuru, usijitetee. Anaweza kukosea kuhusu dawa, lakini kuhusu mahali panapouma huwa hakosei.

Hatua ya nne: penseli

Karatasi ya kazi ya manga ya kulipwa Japani kwa kawaida ni B4, yaani milimita 257 kwa 364. Ndani yake huwa na mistari ya buluu hafifu isiyotoka kwenye chapa: fremu ya ndani ya milimita 180 kwa 270, na mstari wa kukatia wa milimita 220 kwa 310. Ukurasa hupunguzwa hadi B5 wakati wa kuchapa, na kupunguzwa huko huifanya mistari ionekane safi zaidi. Ukitumia A4 hakuna ubaya, ilimradi uchore mistari hiyo mwenyewe kwa uwiano. Maneno na nyuso za muhimu visitoke nje ya fremu ya ndani. Picha inayofika ukingoni ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 5, la sivyo kisu cha mtambo kitaacha ukanda mweupe.

Chora kwa penseli nyepesi, usikandamize. Kwenye mandhari, weka kwanza mstari wa upeo, ambao siku zote uko usawa wa macho ya anayetazama. Ikiwa wahusika wenye urefu sawa wamesimama uwanda mmoja na kamera iko usawa wa macho yao, basi macho ya wote, wa karibu na wa mbali, yatakaa kwenye mstari huo. Kanuni hii moja ilinitibu ugonjwa wa watu wanaoelea. Sehemu za kujaza nyeusi ziwekee alama ya X. Sehemu za toni zipake penseli ya buluu hafifu.

Hatua ya tano: wino

Ncha tatu za kuchovya zinatosha. Kalamu ya G hunyumbuka, mstari hunenepa ukikandamiza, na hutumika kwa miili na nguo. Maru ni nyembamba, ya nywele, kope na mandhari ya mbali. Kabura haibadiliki sana, huwafaa wanaopenda mstari sawa. Ncha mpya ina mafuta ya kuzuia kutu. Ifute vizuri kwa karatasi laini, vinginevyo wino utakimbia. Vuta mstari kuja kwako, usiusukume, na zungusha karatasi badala ya kupinda kiwiko. Mstari mrefu uvute kwa bega.

Utaratibu wangu: kingo za fremu kwa rula, viputo, wahusika kuanzia macho, mandhari, kisha mistari ya kasi na ya mkazo. Subiri ukauke kabisa. Futa penseli. Jaza nyeusi, sahihisha kwa wino mweupe. Ukiharakisha kufuta, utaburuta wino na kuharibu kazi ya siku mbili, na hakuna asiyelipitia hili angalau mara moja.

Unene wa mstari una kazi. Kilicho karibu kiwe kinene, cha mbali chembamba; upande wa kivuli unenepe kuliko wa mwanga. Nyeusi nayo ipange kwa kuutazama ukurasa ukiwa mbali, macho yamefinywa: madoa yake yaunde njia ya kutoka fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Ukurasa ambao nyeusi yote imelala pembe moja hutitia upande huo kama jahazi lililopakiwa vibaya.

Toni na kompyuta

Toni ni karatasi nyembamba za nukta zinazobandikwa na kukatwa kwa kisu. Ukikwangua nukta kwa ncha ya kisu unapata wingu au mng'aro. Tumia kidogo. Toni mbili au tatu kwa hadithi nzima zinatosha anayeanza, na ukurasa usiosimama bila toni una tatizo kwenye wino.

Siku hizi wengi huchora kwenye tableti. Programu ya Clip Studio Paint ya kampuni ya Celsys ina zana za fremu, viputo na toni. Krita na MediBang Paint hupatikana bure. Weka faili yako pikseli 600 kwa inchi kwa kazi ya nyeusi na nyeupe. Ukurasa wa B4 utakuwa na pikseli kama 6071 kwa 8598. Penseli, wino, toni na maneno vikae kila kimoja kwenye tabaka lake. Usipunguze picha ambayo tayari ina toni za nukta, kwa sababu nukta zitagongana na kuzaa mawimbi ya ajabu. Kwa kazi ya kusomwa kwenye simu, andaa nakala nyingine ambayo toni zake ni kijivu cha kawaida.

Kompyuta ina mtego wake: unaweza kukuza jicho moja mpaka lijaze kioo na ukalichora saa tatu. Kwenye ukurasa jicho hilo lina milimita nne. Kila baada ya dakika ishirini rudisha ukurasa kwenye ukubwa wake halisi, na simama unyooshe vidole na mgongo. Kifundo cha mkono kikianza kuuma, pumzika siku hiyohiyo.

Ratiba, na kumaliza

Kwa mtu mwenye kazi au masomo, ninashauri wiki nane: moja ya hadithi, moja ya wahusika, mbili za nemu, nne za kurasa, yaani kurasa nne kila wiki. Usichore kwa kufuata mpangilio wa hadithi. Anzia kurasa za katikati, kwa sababu mkono wako utakuwa umeiva ukifika ukurasa wa 1 na wa 16, na hizo ndizo msomaji anazozikumbuka. Ukurasa wa 3 ukikuchukiza baada ya kuumaliza, uache. Andika kwenye daftari kilichokuchukiza, endelea na mwingine. Nimewaona wenye vipaji vikubwa wakirekebisha ukurasa wa kwanza kwa mwaka mzima.

Wahariri wengi wa Japani hupokea wageni waliobeba kurasa na kuzisoma mbele yao, desturi iitwayo mochikomi, na yapo mashindano ya wapya kama Tuzo ya Tezuka iliyoanzishwa mwaka 1971. Popote utakapoipeleka kazi yako, anza kwa kuichapa katika ukubwa wa kitabu, pande zote mbili za karatasi, na kuibana pini katikati. Mpe msomaji ambaye hajaiona nemu. Keti pembeni na penseli, na kila anaporudi ukurasa wa nyuma kutafuta kitu, andika namba ya ukurasa huo. Namba hizo ndizo utakazoanza nazo kwenye nemu ya hadithi ya pili.